Uliumia lini? Mwongozo wa kudai fidia ya ganzi ya mikono inayotokana na kazi

Kisu kikimteleza mtu na kumkata kidole kwenye meza ya minofu, kila mmoja anajua la kufanya. Damu inaonekana, supavaiza anakuja mbio, boksi la huduma ya kwanza linafunguliwa, na kabla zamu haijaisha ajali imeshaandikwa kitabuni. Ganzi haina damu. Inakuja usiku ukiwa umelala, unaamka mkono umekufa, unaukung'uta mpaka uhai urudi, asubuhi unavaa gambuti na aproni unarudi kwenye ubaridi kutoa minofu ya sangara kama jana.

Nilifanya kazi hiyo miaka sita katika kiwanda kimoja kando ya Ziwa Victoria. Kwenye meza ya jirani alikuwepo dada mmoja hodari kuliko sisi sote. Mwaka wa nne alianza kuangusha kisu. Mwaka wa tano alikuwa hawezi kumfunga mwanawe vifungo vya shati la shule. Mkataba ulipoisha hawakumwongezea, na alipokwenda ofisini kuuliza habari ya fidia aliulizwa swali moja tu: "Uliumia lini?" Hakuwa na jibu. Hakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba aliwahi kulalamika. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na mikono yenyewe haishiki.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya swali lile. Ugonjwa unaokuja polepole hauna tarehe, na fidia inataka tarehe. Tarehe hiyo utaitengeneza wewe mwenyewe, kwa karatasi, mapema, ukiwa bado uko kazini. Mengi ninayoyasema yanahusu Tanzania Bara, lakini jirani wa Kenya nimemwekea sehemu yake. Zanzibar ina sheria yake ya fidia, kwa hiyo aliye huko aanzie ofisi ya kazi ya kwao.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ganzi gani

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, na dari yake ni utepe mgumu wa nyuzinyuzi. Ndani ya njia hiyo zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yao unapita mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikifanya kazi ya nguvu ileile kutwa nzima, zinavimba. Mifupa haitanuki, na utepe hautanuki. Anayebanwa ni yule mshipa wa fahamu. Madaktari huuita ugonjwa huu kapali taneli sindromu, kwa Kiingereza carpal tunnel syndrome, na kwenye cheti wengi huandika CTS. Lishike jina hilo, utalihitaji.

Mshipa ule unahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho hakimo. Hii ndiyo alama kubwa. Ukiona ganzi iko kwenye kidole cha mwisho na nusu ya cha pete tu, huenda mshipa unaobanwa ni mwingine, ule unaopita kwenye kiwiko. Ukiona ganzi inaanzia shingoni na kushuka mkono mzima, huenda tatizo liko kwenye uti wa shingo. Miguu nayo ikiwa inakufa ganzi, kapime sukari. Magonjwa hayo yote yanaweza kutibiwa, lakini ukiingia na jina lisilo lako, dai litaanguka mlangoni.

Dalili zinazofahamika ni hizi: ganzi au kuchomachoma kama sindano, inayozidi usiku, kuamka na kukung'uta mkono ili upate nafuu, ganzi unaposhika simu au usukani kwa muda, kuangusha vitu, kidole gumba kukosa nguvu ya kubana. Ugonjwa ukikaa sana, nyama iliyo chini ya kidole gumba inaanza kunywea, kiganja kinabonyea upande huo. Ukifika hapo usisubiri hata wiki moja, kwa sababu mshipa uliobanwa muda mrefu unaweza usirudi hata baada ya upasuaji.

Jaribio moja unaloweza kufanya sasa hivi: kutanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, vifundo vikiwa vimekunjwa bila kulazimisha. Kaa hivyo sekunde 60. Ganzi ikija kwenye gumba, shahada na cha kati, ni dalili ya kumpelekea daktari. Haithibitishi peke yake, na isipokuja haimaanishi kwamba uko salama.

Nani hupata? Mtu yeyote ambaye kazi yake inakunja kifundo kwa nguvu na kwa kurudiarudia, au inashika chombo kinachotetema. Mtoa minofu wa Mwanza na Musoma, mbangua korosho wa Mtwara, mkata maua wa Arusha anayebana mkasi kutwa, fundi cherehani wa kiwandani, mkata nyama buchani, fundi wa grinda, mvunja zege kwa mashine. Ubaridi nao unaongeza, maana mkono uliopoa hushika kisu kwa nguvu zaidi bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 2: Nunua daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkono wako ni mali kuliko duka. Daftari la kurasa 48 linatosha. Kila siku ambayo mkono umesumbua, andika mistari miwili mitatu kwa kalamu ya wino. Usiache ukurasa mtupu katikati na usichane karatasi.

Maandishi yawe ya namna hii:

*"Jumanne, 14/5. Zamu ya asubuhi, saa 1 hadi saa 11 jioni. Kazi: kutoa minofu, meza ya 3. Mapumziko moja, nusu saa. Kisu butu, hakikunolewa tangu Jumatatu. Usiku niliamka mara mbili, mkono wa kulia ganzi, vidole vitatu. Nimemwambia supavaiza saa 8 mchana, akasema nipake dawa ya kuchua."*

Angalia mambo yaliyomo. Kuna saa za kazi, aina ya kazi, chombo, hali ya chombo, vidole vilivyohusika, na jina au cheo cha aliyeambiwa. Mwisho wa mwezi, daftari linasema jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kulikumbuka mbele ya daktari: kwamba ganzi inapungua siku za mapumziko na kurudi ukirudi kazini. Mtiririko huo ni ushahidi mzito kuliko malalamiko.

Pamoja na daftari, weka kwenye bahasha moja mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi, ratiba za zamu, na picha ya meza yako na chombo chako kama picha zinaruhusiwa kazini. Bahasha ikae nyumbani, maana kabati la kazini siku ya kuondoka hukutwa limefungwa.

Hatua ya 3: Mwambie mwajiri kwa maandishi

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunamwambia supavaiza kwa mdomo, supavaiza anatupa pole, na pole haiwekwi kwenye faili. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inampa mwajiri siku 7 kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na siku 14 kutoa taarifa ya ugonjwa unaotokana na kazi. Siku hizo zinahesabiwa tangu mwajiri alipojua. Atasema alijua lini? Atasema tarehe iliyo kwenye barua yako, kama barua ipo.

Barua haihitaji wakili. Unaweza kuandika hivi:

*Kwa: Meneja Rasilimali Watu*

*YAH: TAARIFA YA UGONJWA UNAOTOKANA NA KAZI*

*Rejea kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mfanyakazi wa kitengo cha (andika) tangu tarehe (andika). Kazi yangu ni (eleza unachofanya kwa mikono), saa (idadi) kwa siku, siku (idadi) kwa wiki.*

*Tangu mwezi wa (andika) napata ganzi na maumivu kwenye vidole (vitaje) vya mkono wa (kulia/kushoto/yote miwili), hasa usiku. Hali hii inazidi ninapokuwa kazini na kupungua ninapopumzika. Nilimwarifu msimamizi wangu tarehe (andika).*

*Naomba mambo mawili: nipatiwe ruhusa ya kwenda hospitali kufanyiwa uchunguzi, na taarifa hii iwasilishwe WCF kwa mujibu wa sheria.*

*Wako mtiifu,*
*(jina, sahihi, namba ya simu, tarehe)*

Chapa au andika nakala mbili. Moja wapokee, nyingine wakugongee mhuri au wakusainie "imepokelewa" na tarehe. Wakikataa kusaini, usigombane nao. Itume barua hiyohiyo kwa barua pepe au kwa WhatsApp ya ofisa husika, kisha piga picha ya kioo kinachoonyesha ujumbe umefika. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, nenda na kiongozi wa tawi awe shahidi. Viwandani wengi wako TUICO, mashambani wengi wako TPAWU. Mtu wa pili ndani ya chumba hubadilisha lugha ya mazungumzo, nimeliona hilo mara nyingi.

Uoga naujua. Unafikiri ukiandika barua, mwezi ujao jina lako halitaitwa getini. Hofu hiyo ina msingi, na sitakuambia kwamba haitatokea. Ninachokuambia ni kwamba dada yule hakuandika kitu, na jina lake halikuitwa vilevile.

Hatua ya 4: Nenda hospitali ukiwa na kazi yako mdomoni

Ukiingia kwa daktari ukasema "mkono unauma", utatoka na vidonge vya maumivu na cheti kilichoandikwa maumivu ya mkono. Cheti hicho hakitakusaidia. Daktari ana dakika chache na foleni ndefu, kwa hiyo mpe habari ambazo hawezi kuzijua kwa kukutazama.

Mwambie vidole gani. Mwambie usiku inakuwaje. Kisha mwambie kazi, na umwonyeshe kwa vitendo jinsi kifundo kinavyopinda, chombo kina uzito gani, ni samaki wangapi au mashada mangapi kwa saa, saa ngapi kwa siku, na miaka mingapi. Mpe daftari alisome. Mwombe aandike maelezo ya kazi kwenye faili lako, na mwombe aandike pia maoni yake: je, ugonjwa huu unaweza kuwa umesababishwa au umezidishwa na kazi hii? Sentensi hiyo moja ndiyo daraja kati ya hospitali na fidia.

Daktari atagongagonga kifundo, atakibana kwa kidole, atapima nguvu ya gumba. Kipimo kinachothibitisha zaidi ni kile cha kupima mwendo wa umeme kwenye mishipa ya fahamu. Hakipo kila hospitali, na mara nyingi utahitaji rufaa kwenda hospitali kubwa. Kama daktari anakiona kinafaa, omba rufaa iandikwe hata kama huna nauli leo. Rufaa iliyoandikwa nayo ni karatasi yenye tarehe.

Sasa jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia. Ugonjwa huu hautoki kazini peke yake. Ujauzito unauleta, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, baridi yabisi, unene, na kifundo kilichowahi kuvunjika. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Usimfiche daktari lolote kati ya hayo. Ukificha, litafumuliwa na upande wa pili na utaonekana mwongo hata pale unaposema kweli. Ukisema wazi, hoja yako inabaki imesimama: una sukari, ndiyo, lakini ganzi ilianza baada ya kuhamishiwa meza ya minofu, iko zaidi kwenye mkono ulioshika kisu, na wenzako wa meza ileile wasio na sukari nao wanaumwa. Wenzako wakiwa wengi, andikeni barua zenu kila mtu yake. Barua tano za wiki moja hazisomwi kama barua moja.

Na mtu akikuambia huo si ugonjwa wa kazi, kuna jibu. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi, iliyo kwenye Pendekezo Na. 194 la mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2010. Kapali taneli sindromu imetajwa humo kwa jina, kwamba husababishwa na kazi ya nguvu ya kurudiarudia kwa muda mrefu, kazi yenye mtetemo, mkao wa kifundo uliopinda kupita kiasi, au mchanganyiko wa hayo. Linganisha na kazi yako. Nukuu jambo hilo kwenye barua kama utaandika barua ya pili.

Hatua ya 5: Peleka dai WCF

WCF ilianza kazi mwaka 2015. Fedha zake zinachangwa na waajiri peke yao. Kwa sekta binafsi mchango ulianza asilimia 1 ya mishahara, ukashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hachangii hata senti. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara umekatwa kitu kinachoitwa WCF, hilo ni kosa na una haki ya kulihoji.

Kwa kawaida taarifa inaanzia kwa mwajiri, na siku hizi huituma kwa mtandao. Kazi yako ni kuhakikisha imetumwa. Baada ya wiki mbili tangu barua yako, uliza: "Taarifa yangu imepelekwa? Naomba namba yake." Ukipigwa chenga, nenda mwenyewe ofisi ya WCF ya mkoa wako na ile nakala yenye mhuri, cheti cha daktari, daftari, kitambulisho na hati za mshahara. Unaweza pia kumwona Afisa Kazi wa mkoa. Mwajiri asiyejisajili au asiyetoa taarifa anavunja sheria, na kosa hilo ni lake, lisikufanye wewe urudi nyumbani.

Muda wa kudai ni miezi 12. Kwa ugonjwa unaokuja polepole watu hubishana juu ya siku ya kuanzia kuhesabu. Usiingie kwenye ubishi huo: hesabu tangu siku ya kwanza daktari alipotaja jina la ugonjwa, na ujitahidi kumaliza makaratasi ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.

Ukikubaliwa, unapata nini? Kwanza matibabu yanayohusiana na ugonjwa huo. Pili, kama daktari amekupumzisha, malipo ya ulemavu wa muda ambayo ni asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Anayepokea shilingi 300,000 atapata 210,000. Tatu, kama mkono haukurudi sawa, unafanyiwa tathmini ya ulemavu wa kudumu na kulipwa kulingana na asilimia utakayopewa. Ipo pia huduma ya utengamao, yaani mazoezi ya viungo, vifaa saidizi na kusaidiwa kurudi kazini. Hiyo ya mwisho watu hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba ipo. Iombe.

Tathmini ya ulemavu ifanyike matibabu yakishatulia, na ifanywe na daktari anayeielewa. Wapo madaktari waliopewa mafunzo ya kazi hiyo na Mfuko. Usikubali kutathminiwa wiki moja baada ya upasuaji, kidonda bado kibichi, kwa sababu hakuna anayejua mkono ule utakuwaje.

Kama wewe ni kibarua au deiwaka

"Mimi sina mkataba" ni sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo. Sheria inamtazama mtu anayefanya kazi chini ya mwingine kwa ujira, na haikomei kwa mwenye karatasi. Tatizo lako halisi ni ushahidi, kwa hiyo kusanya unachoweza: ujumbe wa malipo kwenye simu, karatasi ya mahudhurio uliyosaini, picha ukiwa na sare, majina ya wenzako wawili walio tayari kusema ulikuwepo. Kama uliletwa na wakala, andika jina la wakala na jina la kiwanda, yote mawili, kwenye barua. Wakitupiana mpira, wautupiane wao kwa wao.

Fundi cherehani mwenye kibanda chake, au mama anayebangua korosho nyumbani kwake na kuuza mwenyewe, hana mwajiri wa kumdai. Kwake mwongozo huu unaishia kwenye hatua ya hospitali na sehemu ya kuutunza mkono, na hilo linaniuma kuliandika.

Hatua ya 6: Wakikataa

Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida kwa magonjwa haya. Omba sababu kwa maandishi. Soma barua ya kukataliwa uone siku ulizopewa za kupinga, na uzihesabu tangu siku hiyohiyo. Mara nyingi sababu ni moja kati ya tatu: daktari hakuunganisha ugonjwa na kazi, tarehe hazijulikani, au mwajiri ameeleza kazi yako kana kwamba ni nyepesi. Kila moja ina dawa yake. Ya kwanza, rudi kwa daktari na maelezo kamili ya kazi. Ya pili, daftari. Ya tatu, wenzako wa mstari na ratiba za zamu.

Pingamizi linaanzia WCF kwenyewe kwa maandishi, na njia inaendelea hadi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Wachache hufika huko. Ukifika, tafuta msaada wa kisheria kupitia chama chako au kituo cha msaada wa kisheria.

Kufukuzwa kazi ni mlango mwingine kabisa. Ukiachishwa kwa sababu ya ugonjwa huu, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku 30 zinapita haraka mtu akiwa anazunguka hospitali. Kumbuka pia likizo ya ugonjwa: sheria ya ajira inatoa siku 126 ndani ya kila miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Dai la WCF likiwa bado linasubiri majibu, ulizia hiyo.

Kwa walio Kenya

Kenya haina mfuko kama WCF. Sheria ni WIBA, yaani sheria ya mafao kwa wanaoumia kazini, ya mwaka 2007, na mwajiri anatakiwa kukukatia bima. Mjulishe mwajiri mara moja. Yeye anatakiwa kuripoti kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, DOSHS. Haki inaweza kupotea ikiwa miezi 12 itapita bila taarifa. Ulemavu wa kudumu unakokotolewa kwa mapato ya miezi 96 kuzidishwa na asilimia ya ulemavu. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba njia hii ya WIBA ni halali kikatiba, na mwaka 2023 hata mahakama ya Edinburgh, kule Scotland, ilipofikiwa na wachumaji chai wa Kericho walioumia kazini, ilisimamisha kesi yao ili njia ya WIBA ifuatwe kwanza. Kwa hiyo anzia huko.

Wakati dai linatembea, utunze mkono

Karatasi zinachukua miezi, na mshipa wa fahamu haungoji. Tiba ya mwanzo ni kifaa cha kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka, kinachovaliwa usiku kwa wiki sita hivi. Fundi wa viungo hospitalini anaweza kukitengeneza. Usifunge bandeji ya kubana, kwa sababu unaongeza mbano juu ya mbano. Daktari anaweza kuchoma sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe kwenye kifundo. Wengi hupata nafuu, ingawa kwa wengine ganzi hurudi. Upasuaji wake ni mdogo: ule utepe wa juu unakatwa ili njia ifunguke, mara nyingi kwa sindano ya ganzi ya sehemu hiyo tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nguvu ya kushika hurudi polepole kwa wiki na miezi, kwa hiyo usimruhusu mtu akurudishe mezani baada ya siku tatu.

Kazini, omba mambo madogo yenye faida kubwa. Kisu kikali kinapunguza nguvu unayotumia kuliko dawa yoyote ya kuchua. Mpini usiwe mwembamba mno. Glavu zikukae sawa na ziwe na joto. Mzunguko wa kazi, saa mbili kutoa minofu na saa mbili kupanga au kupima, hauli uzalishaji wa kiwanda. Kila ombi liandike, na kila jibu liandike.

Siku ya kuondoka

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inataka mfanyakazi apimwe afya anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Watu wengi hukumbuka kipimo cha kuanza tu. Mkataba unapoisha, kabla hujakabidhi sare na kitambulisho, omba kipimo cha kuondoka, mwambie mpimaji habari ya ganzi hata kama imepungua siku hizo, na omba nakala ya majibu. Kama kipimo cha kuanza kilisema mikono mizima na cha kuondoka kinasema vidole vitatu havina hisia, umelijibu lile swali kabla hujaulizwa. Iweke nakala kwenye bahasha, pamoja na daftari.